Kamba ya Mguuni ya Milimita 8: Tathmini Baada ya Mawimbi Makubwa ya Durban

Kamba ninayoitathmini hapa, ile inayomfunga mtelezaji wa mawimbi na ubao wake, ina urefu wa futi 8 na unene wa milimita 8. Ni uzi mmoja mnene wa poliuretheni, ile plastiki nyumbufu inayovutika na kurudi, wa rangi nyeusi isiyong'aa. Upande mmoja una mkanda wa mpira laini unaozungushwa kwenye kifundo cha mguu na kushikwa kwa velkro. Upande wa pili una mkanda mpana wa kitambaa kigumu unaofungwa kwenye mkia wa ubao. Kila upande una kiungo cha chuma kinachozunguka ili kamba isijisokote. Kwa mtu asiyeteleza juu ya mawimbi, kifaa hiki hakina cha kutazamwa, na hata sisi tunaoteleza hatukitazami sana. Dukani hutundikwa ukutani karibu na nta na vibandiko, na mteja huichukua mwishoni kabisa, akiwa ameshatumia saa nzima kubembeleza mbao na kulinganisha mapezi.

Mimi pia nilikuwa nikinunua hivyo, hadi asubuhi moja ya Julai, hapa Durban, kamba ya zamani ilipokatika katika mawimbi makubwa kuliko yote niliyokuwa nimewahi kuingia. Hii mpya niliinunua wiki ileile, nami nimeitumia majira yote ya baridi yaliyobaki pamoja na kiangazi kilichofuata. Sitaitaja kampuni iliyotengeneza ile iliyokatika wala duka lililoniuzia, kwa sababu sehemu ya kosa ilikuwa yangu, kama nitakavyoeleza. Na kwa haki hiyohiyo sitaitaja kampuni ya hii ya pili. Ninachokitathmini ni aina ya kamba: urefu wake, unene wake na namna ilivyoungwa, mambo ambayo msomaji anaweza kuyakagua kwa mikono yake mwenyewe katika duka lolote.

Ni lazima kwanza nieleze bahari yenyewe, kwa sababu kamba inayofaa mahali pamoja yaweza kuwa hatari mahali pengine. Ufukwe wa jiji la Durban umegawanywa na magati yanayoingia baharini moja baada ya jingine, na kati ya gati na gati kuna matuta ya mchanga ambayo juu yake mawimbi huvunjika. Upande wa kusini kipo kilima cha Bluff na mlango wa bandari, na hivyo mawimbi yanayotoka kusini hukingwa huko, kisha huzidi ukubwa kadiri mtu anavyoelekea kaskazini, kuanzia Addington hadi New Pier, North Beach na Bay of Plenty. Majira ya baridi, kuanzia Juni hadi Agosti, dhoruba zinazopita mbali chini ya ncha ya Afrika husukuma mawimbi hadi pwani hii, na alfajiri upepo wa umande hutoka nchi kavu na kuyasimamisha wima, ukizichana nyusi zake kurudi nyuma. Haya ndiyo maji yaliyomkuza Shaun Tomson, bingwa wa dunia wa mwaka 1977. Ni Bahari ya Hindi ileile niliyojifunzia kuogelea Tanga, lakini Tanga tuna visiwa na miamba inayolivunja wimbi kabla halijafika. Hapa wimbi hufika likiwa na nguvu zake zote.

Asubuhi ile ya Julai bahari ilikuwa imechafuka kwa siku mbili. Nilisimama juu ya gati kwa karibu nusu saa nikiyahesabu mawimbi, na niliyaona yakija kwa mafungu ya matano au sita, kisha kimya kirefu, kisha fungu jingine. Ukimya huo humdanganya mgeni. Wimbi lililozaliwa mbali huwa na nafasi ndefu kati yake na lile linalolifuata, na nafasi hiyo ndiyo kipimo cha nguvu yake: likipishana na mwenzake kwa sekunde 15, katika kina kirefu kilele chake huenda kwa kasi ya zaidi ya mita 23 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Linapofika kwenye maji ya kina kifupi hupunguza mwendo na kuinuka, na yote liliyoyabeba hujikusanya katika uso mmoja. Niliyaona hayo, nikayaelewa, na nikaingia nikiwa na kamba ya futi 6 na milimita 6 ambayo muuzaji aliniambia inafaa kwa hali zote.

Niliingia pembezoni mwa gati, mahali ambapo maji yaliyosukumwa ufukweni hurudi baharini na kukuchukua bila wewe kuchoka. Nilifika nyuma ya matuta salama. Wimbi la kwanza nililipata vizuri, na nitakiri kwamba furaha yake ndiyo iliyonifanya nikae mahali nisipopaswa kukaa. Fungu lililofuata lilivunjika mbali zaidi kuliko nilipokuwa. Wimbi la tatu la fungu hilo nililiona likisimama mbele yangu, kimo chake kikikaribia mara moja na nusu ya urefu wangu, na nikajua kwamba sitaweza kuuzamisha ubao chini yake kwa wakati. Niliuachia ubao na kupiga mbizi. Nikiwa chini niliuhisi mguu wangu wa kulia ukivutwa nyuma kwa nguvu, ukanyoka wote hadi nyonga, kisha ghafla ukawa mwepesi. Yeyote aliyewahi kuuhisi wepesi huo wa mguu hatausahau. Sikusikia mlio wowote. Nilijua tu kwamba sasa nipo peke yangu.

Bila ubao, umbali ambao ungekuchukua dakika tano hubadilika na kuwa jambo jingine kabisa. Mkondo wa mawimbi ya kusini ulikuwa ukinisukuma kaskazini, mbali na gati, na kila nilipokata mita chache kuelekea pwani fungu jingine lilinikuta. Nilifanya nilivyofundishwa: kuzama chini kila povu lilipokaribia, kuushika mchanga kwa vidole, kungoja ngurumo ipite juu, kisha kuibuka na kuvuta pumzi moja kamili kabla ya linalofuata. Suti ya mpira ilinisaidia kuelea. Mtelezaji mmoja, kijana mwenye ubao mrefu, alinipa mkia wa ubao wake niushike nipumzike, akakaa nami hadi fungu lilipopita, ingawa yeye mwenyewe alikuwa akiyapoteza mawimbi yake. Nilikanyaga mchanga karibu na Bay of Plenty, miguu ikitetemeka, na nikarudi kwa miguu kuutafuta ubao.

Waokoaji wa ufukweni walikuwa wameshautoa majini. Mmoja wao aliniambia, kwa upole ambao ulinichoma kuliko karipio, kwamba ubao ule uliingia na povu ukapita katikati ya vijana wawili waliokuwa wamesimama kwenye maji ya magotini. Pezi moja lilikuwa limevunjika. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeihesabu kamba kuwa ni kitu cha kunipunguzia mimi usumbufu wa kuogelea. Siku ile nilimtazama mmoja wa vijana hao, ambaye bado alikuwa pale akijikausha kwa taulo la rangi ya chungwa, na sikuwa na neno la kumwambia isipokuwa kumwomba radhi.

Nyumbani niliichukua ile kamba iliyokatika nikaikagua chini ya taa. Ilikuwa imekatika upana wa kiganja kutoka kwenye mkanda wa kifundo. Kwenye mkato wenyewe palikuwa na rangi mbili: karibu theluthi moja ya duara lilikuwa laini na la manjano, kama kidonda cha zamani kilichokwisha kukauka, na sehemu iliyobaki ilikuwa nyeupe, yenye nyuzinyuzi, mpya. Maana yake ni wazi. Kamba ilikuwa na mkato mdogo kwa muda mrefu, pengine wa ukingo wa pezi, na wimbi lile lilimaliza kazi iliyokwisha kuanza. Zaidi ya hayo, kwa miezi mingi nilikuwa nikiianika kwenye ukuta wa baraza unaopigwa na jua la mchana kutwa, na jua huikausha poliuretheni ikapoteza unyumbufu wake. Muuzaji alikosea kuniambia kwamba milimita 6 zinafaa kwa kila hali, lakini asingeweza kuuona mkato ambao mimi mwenye mguu sikuutafuta.

Niliporudi kununua, nilinunua kwa kipimo. Kanuni ya kawaida ni kwamba kamba ilingane na urefu wa ubao au iuzidi kidogo, na kadiri mawimbi yanavyokua ndivyo inavyofaa kuongeza urefu na unene. Nyembamba za milimita 5 au 6 ni za mashindano na mawimbi madogo, kwa kuwa hazivuti maji. Za milimita 7 na 8 ni za siku ambazo bahari imeamka. Na wanaoingia kwenye milima ya maji ya Nazaré, huko Ureno, au Hawaii hutumia ndefu na nene kuliko hizo. Ubao wangu wa siku kubwa una futi 6 na inchi 10, nami nilichagua futi 8 kwa sababu nafasi ya ziada kati yangu na ubao ni nafasi ya usalama.

Sababu ya kuhitaji nafasi hiyo inajulikana tangu kifaa hiki kilipobuniwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko Santa Cruz, California, Pat O'Neill alikuwa miongoni mwa waliojaribu kuufunga ubao kwa bomba la mpira linalovutika. Mpira ule ulivutika mno: ubao ulipofika mwisho ulirudi kama jiwe la manati, na baba yake, Jack O'Neill, mwanzilishi wa kampuni ya suti za mpira yenye jina hilo, alipoteza jicho lake la kushoto kwa ajali ya namna hiyo. Wapo watelezaji wa wakati ule walioiona kamba kuwa ni ya wasiojua kuogelea. Lakini iliboreshwa, mpira ukaachwa na poliuretheni ikashika nafasi yake, na hata leo swali ambalo kila mtengenezaji analijibu ni lilelile: kamba ivutike kiasi gani? Isipovutika kabisa, itang'oa kikombe, kile kitundu kwenye mkia wa ubao ambako kamba hufungwa, au itamwumiza mtu goti. Ikivutika mno, ubao utamrudia usoni.

Jibu la kamba hii nililipata mwishoni mwa Agosti. Mawimbi ya siku hiyo yalikuwa makubwa kuliko yale ya Julai. Uso wa yale makubwa nadhani ulifika mita 3, na upepo wa umande ulikuwa ukivuma kwa nguvu kiasi kwamba mtu akishuka wimbini hupofushwa na manyunyu. Kwa saa nzima ya kwanza sikuigusa bahari. Nilikaa juu ya New Pier nikitazama. Niliikagua kamba kutoka mwanzo hadi mwisho, nikaufungua mkanda wa kifundo na kuufunga upya ngozi ikiwa kavu, kwa sababu velkro inayofungwa yenye mchanga haishiki. Kisha nikaingia.

Nilipata mawimbi mawili ambayo nitayakumbuka nikiwa mzee, lakini lililonifundisha kuhusu kamba ni lile la tatu, ambalo sikulipata. Nilichelewa kusimama. Mkia uliinuliwa, pua ya ubao ikachoma maji, na nikadondoka kutoka kileleni hadi chini, mgongo ukitangulia, kisha wimbi zima likaniangukia. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito unaozidi tani moja. Katika wimbi la namna ile huanguka mita nyingi za ujazo kwa pamoja. Nilibingirishwa hata sikujua juu ni wapi. Mguu ulivutwa, ukavutwa tena, na safari hii kamba ilifanya jambo ambalo ile nyembamba haikuwahi kulifanya: ilivutika polepole, kama mtu anayekushika mkono asikudondoshe, ikanipeleka pamoja na ubao badala ya kunichana kati ya viwili. Nilihesabu hadi kumi na moja. Nilipofungua macho kulikuwa na giza la kijani, na pembeni mwa giza hilo niliiona kamba yenyewe, mstari mweusi ulionyooka ukielekea juu.

Hapo nilifanya jambo nililokuwa nimelisikia kwa wakongwe wa hapa bila kuwahi kulihitaji. Niliinama, nikaishika kamba kwa mikono miwili na kuipanda, mkono mbele ya mkono, kama mtu anayejivuta kuelekea kwenye mashua kwa kamba ya nanga. Ubao ulikuwa juu ukielea wima, mkia chini na pua angani, kwa jinsi nilivyokuwa nikiuvuta kutoka chini. Kamba ilikuwa nene kiasi cha kushikika hata kwa vidole vilivyokufa ganzi. Ile ya milimita 6 ingeteleza mikononi. Niliibuka, nikapata pumzi moja isiyotosha, na wimbi la pili likaniangukia. Nilizama tena, lakini safari hii nilijua njia ya juu iko wapi. Lilipopita, ubao ulikuwa umbali wa kuufikia kwa mikono mitatu ya kuogelea. Nililala juu yake nikaacha povu linipeleke pwani, na sikutoka tena siku hiyo.

Jioni niliipima kamba sakafuni. Ilikuwa imerefuka kwa upana wa vidole vinne, na haijarudi urefu wake wa mwanzo hadi leo. Nilipitisha vidole kuanzia upande wa mguu hadi upande wa ubao na sikukuta mkato wala sehemu iliyosinyaa. Viungo vyote viwili vilikuwa vikizunguka bila kukwama. Kikombe kwenye mkia wa ubao hakikutikisika, na ukingo wa ubao haukuchanika, kwa kuwa ule mkanda mpana wa kitambaa ndio uliopokea mvuto. Kwa kazi iliyonunuliwa kuifanya, kamba hii nimeridhika nayo kwa moyo wote.

Kasoro zake zipo, na mnunuzi anastahili kuzijua. Kubwa kuliko zote ni kikamba kidogo kinachoiunganisha na ubao. Kilichokuja nayo kilikuwa kirefu mno: ukikifunga kama kilivyo, fundo linaning'inia nje ya mkia, na siku kamba ikivutwa ni huo uzi mwembamba utakaokata ukingo wa ubao kama waya unavyokata sabuni, wakati ule mkanda mpana uliowekwa kwa kazi hiyo haugusi chochote. Nilikitupa nikafunga kifupi chenye fundo la baharia, na ninashangaa kwamba kampuni inayotengeneza kamba nzuri namna hii inaweza kulegea katika kitu cha urefu wa kidole. Asiyejua atakifunga hivyohivyo.

Kasoro ya pili ni uzito wa kuvuta maji. Katika mawimbi ya kiunoni mtu huuhisi mguu ukiburutwa, na kwenye kugeuka kwa haraka kamba huchelewa nyuma na mara mbili imejizungusha kwenye vidole vya mguu wangu wa mbele. Kwa hiyo siwezi kumshauri mtu awe na hii peke yake. Anayeteleza siku ndogo na siku kubwa atahitaji mbili, na najua kwamba hilo ni gharama. Hii ilinigharimu karibu mara moja na nusu ya bei ya ile nyembamba. Lakini ikilinganishwa na bei ya ubao, sembuse ya kile kilichotaka kutokea kwa wale vijana wawili, ni fedha kidogo.

Mkanda wa kifundo ulinichubua ngozi wiki za mwanzo, hasa upande wa ndani ambako mshono unapita, ukalainika baadaye. Na kiungo cha upande wa mguu kilianza kuonyesha doa la kutu mwezi wa nne wa kuitumia, ingawa karatasi yake ilidai kwamba chuma hicho hakishiki kutu. Kwa maji ya chumvi na joto la kiangazi cha hapa, sijui chuma kitakachoweza kudai hivyo bila kuoshwa. Tangu nilipoanza kuisuuza kwa maji yasiyo na chumvi kila ninapotoka baharini doa halijaongezeka.

Desemba niliichukua hadi Tanga, kwa sababu nilitaka kumwonyesha mjomba wangu, ambaye amevua kwa ngalawa tangu ujana wake. Nilimkabidhi bila kumweleza habari ya Julai. Hakuitazama sana. Alifumba macho, akaipitisha kati ya kidole gumba na kucha ya kidole cha shahada, taratibu, akiizungusha kidogo kila mahali, kama anavyofanya na kamba ya nanga kabla ya kutoka. Alipofika mwisho alisema, "Hii nzima, mpwa wangu. Lakini hapa penye chuma ndipo patakapokufa kwanza." Alinionyesha mahali uzi unapoingia kwenye kiungo, ambapo plastiki hupindwa kila siku mahali pamoja. Nilikuwa nimeikagua mara nyingi na sikuwahi kupabaini pale. Tangu siku hiyo naikagua kwa ukucha, kwa sababu jicho halioni mkato wa zamani uliojifunga, na naanza na penye chuma.

Mazungumzo yetu yalinikumbusha pia jambo la kuwaambia wanaoteleza kwenye pwani yetu, ambako mawimbi mengi huvunjika juu ya miamba ya matumbawe na si juu ya mchanga kama hapa Durban. Kamba ndefu na nene hunasa. Ikinasa kwenye jiwe wakati maji yanapita juu yako, ule uimara unaousifu ndio utakaokushikilia chini. Kwa hali hiyo sishauri kamba hii kama ilivyo, kwa kuwa haina pini ya kuvuta inayouachia mkanda kwa mara moja. Njia pekee ya kujifungua ni kukunja goti, kuufikia mkia wa velkro na kuung'oa kwa nguvu. Nimeujaribu mwendo huo mara nyingi kwenye bwawa la kuogelea, macho yamefungwa, na hunichukua kama sekunde tatu nikiwa mtulivu. Katika msukosuko zitakuwa zaidi. Zipo kamba za unene huohuo zenye pini hiyo, na anayeteleza penye mwamba azitafute, azilipie hiyo bei ya ziada, na ajizoeze kuivuta kabla ya siku ya kuihitaji.

Kwa fukwe za mchanga zenye mawimbi ya kuanzia kichwani hadi mita 3, kwa ubao wa futi 6 na nusu hadi 7 na nusu, na kwa mtu ambaye tayari anajua kuogelea umbali wote wa kurudi pwani bila ubao, naipendekeza bila kusita. Sharti hilo la mwisho nimeliweka kwa makusudi. Kijana mmoja wa nyumbani, Mtanzania anayefanya kazi ya kupakua mizigo hapa, aliniomba nimwazime kamba hii ili ajaribu siku ya mawimbi makubwa, akisema kwamba ikiwa imeniokoa mimi itamwokoa na yeye. Nilimjibu, "Mdogo wangu, kwanza tuogelee wote kutoka gati hili hadi lile, bahari ikiwa tulivu, uone." Tuliogelea. Alishika mwili wa nguzo ya gati la pili akihema, akasema mwenyewe kwamba bado. Sasa tunaogelea kila Jumapili asubuhi, na siku akiweza kwenda na kurudi nitampa.

Matunzo yake ni rahisi. Naisuuza, naitundika kivulini kwa upande wa ubao ili uzito wa mkanda wa kifundo uinyooshe, na siizungushi kwa kuikaza kwenye mkia wa ubao kama wengi wanavyofanya, maana hapo inajikunja na kukaa na mikunjo hiyo, na kamba yenye mikunjo hujifunga mafundo majini. Upande wa ndani wa mkanda nimeandika kwa wino usiofutika mwezi na mwaka nilioinunua. Kwa mtu anayeingia majini mara tatu au nne kwa wiki, mwaka mmoja ni umri wa kutosha kwa kamba, hata ikiwa bado inaonekana nzima. Ya kwangu itafikisha mwaka mwezi ujao. Nitaihamishia kwenye ubao wa siku ndogo, na nitanunua nyingine ya kipimo kilekile kabla dhoruba za kusini hazijapamba moto, pamoja na nusu mita ya kikamba kigumu cha kufungia, kwa kuwa kile kitakachokuja nayo najua nitakitupa.